Huduma inagoma kompyuta ikiwaka lakini ukiiwasha kwa mkono inakubali: mwongozo wa kurekebisha mfuatano wa huduma katika Linux

Dalili yake ni hii. Umeme umerudi, seva imewaka, lakini programu ya mauzo haipatikani. Unaingia kwenye seva, unaandika `sudo systemctl restart duka`, na programu inakubali papo hapo. Umeme ukikatika tena, mambo ni yaleyale. Huduma inayokubali ikiwashwa kwa mkono na kugoma ikiwaka yenyewe kwa kawaida haina ubovu ndani yake. Imeamka kabla ya kitu inachokihitaji: hifadhidata, diski, anwani ya mtandao, au saa sahihi.

Kwetu tatizo hili hujitokeza zaidi baada ya umeme kukatika, kwa sababu umeme unaporudi vyote vinawaka kwa mpigo: ruta, swichi, seva. Seva yenye diski ya SSD inaweza kumaliza kuwaka kabla ruta haijaanza kugawa anwani. Ukiiwasha upya seva hiyohiyo mchana, ruta ikiwa hewani tayari, kila kitu ni shwari, na fundi anaondoka akiamini kazi imekwisha.

Mwongozo huu ni wa mifumo inayotumia systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux), yaani Debian tangu toleo la 8, Ubuntu tangu 15.04, Fedora tangu 15 na RHEL tangu 7. Mifano ni ya Debian 12. Huduma ya mfano ni `duka.service`: inatumia hifadhidata ya PostgreSQL, inaweka picha za bidhaa kwenye diski ya pili iliyopachikwa `/srv/data`, na inasikiliza kwenye anwani 192.168.1.10.

Utakutana na ushauri wa kuweka `sleep 30` mwanzoni mwa huduma. Usiufuate. Siku diski ikichelewa sekunde 40 huduma itaanguka, na siku nyingine zote utakuwa unapoteza nusu dakika bure. Huduma isubiri kitu, isisubiri muda.

## Mambo matatu yanayochanganywa

Makosa mengi ya mfuatano yanatokana na kuchanganya mambo matatu ambayo systemd inayatenganisha kabisa.

La kwanza ni mfuatano: nani atangulie. Hili linasemwa na `After=` na `Before=`. Mstari `After=postgresql.service` unamaanisha kwamba ikiwa zote mbili zinawashwa, hifadhidata itangulie. Hauiwashi hifadhidata. Kama hakuna aliyeiomba hifadhidata iwake, mstari huo hauna athari yoyote.

La pili ni utegemezi: nani aitwe pamoja nami. Hapa ndipo penye `Wants=` na `Requires=`. Zote mbili zinaita huduma nyingine iwake, ila hazisemi lolote kuhusu nani atangulie. Ukiandika `Requires=postgresql.service` bila `After=`, systemd itaziwasha zote kwa wakati mmoja. Wengi wanalipata kosa lao hapahapa.

La tatu ni utayari, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Ukishaandika `After=`, je, systemd inajuaje kwamba aliyetangulia amekwisha kuwa tayari? Inategemea `Type=` ya yule aliyetangulia, si ya kwako. Kama ni `simple`, ambayo ndiyo inayotumika faili lisipotaja aina, systemd inaihesabu huduma kuwa imewaka mara tu inapozaa mchakato wake. Kuinjika sufuria si maji kuchemka. `exec` ina nafuu kidogo, kwani inasubiri mpaka faili la programu lianze kutekelezwa kweli, lakini nayo haijui kama poti imefunguliwa. `forking` inasubiri mchakato wa kwanza uzae mwingine kisha ujiondoe. `oneshot` inasubiri kazi yote imalizike. `notify` ndiyo bora: programu yenyewe inatuma taarifa kwa systemd kwamba sasa iko tayari kuhudumia. Kama programu ni yako au inaweza kurekebishwa, ifundishe kutuma `READY=1`, nawe utakuwa umeliondoa tatizo kwa wote wanaoitegemea.

## Hatua ya kwanza: soma kumbukumbu kabla ya kugusa chochote

Usianze kwa kubadilisha faili. Anza hapa:

```
systemctl --failed
journalctl -b -u duka -o short-monotonic
```

`-b` inaleta kumbukumbu za tangu kompyuta ilipowaka mara hii. `-b -1` ni za mara iliyotangulia. `-o short-monotonic` inaonyesha sekunde tangu keneli ianze, na ni muhimu kwa sababu saa ya ukutani inaweza kuruka katikati ya kuwaka. Utaona kitu kama hiki:

```
[    6.912044] seva1 systemd[1]: Started duka.service - Programu ya mauzo.
[    7.201377] seva1 duka[612]: bind: Cannot assign requested address
[    7.204911] seva1 systemd[1]: duka.service: Main process exited, code=exited, status=1/FAILURE
[    7.205120] seva1 systemd[1]: duka.service: Failed with result 'exit-code'.
```

Mstari wa pili ndio wenye habari. `Cannot assign requested address` ni anwani ambayo kompyuta haijaipata bado. `Connection refused` ni hifadhidata ambayo haijafungua poti. `No such file or directory` kwenye njia unayojua ipo, ni diski ambayo haijapachikwa. `Temporary failure in name resolution` ni DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, ambayo haijapatikana. `certificate is not yet valid` ni saa iliyo nyuma. Na `Dependency failed for` inamaanisha huduma yako haikujaribiwa kabisa. Aliyeanguka ni yule unayemtegemea, kwa hiyo mtafute yeye.

Sasa weka huduma yako na unayemshuku kwenye mstari mmoja wa wakati:

```
journalctl -b -o short-monotonic | grep -Ei 'duka|postgres|srv-data|online'
```

Kama `duka` imeanguka sekunde ya 7 na `/srv/data` imepachikwa sekunde ya 11, umeshapata jibu. Kama kila kitu kilikuwa tayari kabla ya `duka` kuanza na bado ilianguka, tatizo si la mfuatano: angalia ruhusa za faili, mtumiaji anayeendesha huduma, na vigeu vya mazingira ambavyo terminali yako inavyo lakini systemd haina.

## Hatua ya pili: iulize systemd inavyoelewa

Usiamini faili ulilolifungua kwa macho, maana huenda kuna viraka juu yake, yaani faili ndogo zinazoongeza au kubadilisha mipangilio. Amri hizi zinaonyesha hali halisi:

```
systemctl cat duka
systemctl show duka -p Type,After,Wants,Requires
systemctl list-dependencies --after duka
systemd-analyze critical-chain duka.service
```

Ya mwisho inachora mnyororo wa waliosubiriana. Namba baada ya `@` ni wakati ambapo yuniti (huduma, diski au kitu kingine ambacho systemd inakisimamia) ilihesabiwa kuwa imewaka, na iliyo baada ya `+` ni muda iliochukua kuwaka. Kama PostgreSQL haimo kwenye mnyororo huo, fuatilia orodha ya `After` iliyoletwa na amri ya pili.

Kuna pia `systemd-analyze blame`, ambayo watu wengi huikimbilia. Inafaa kutafuta kinachochelewesha kuwaka, lakini kwa tatizo la mfuatano inapotosha, kwani huduma ya `simple` itaonekana imewaka papo hapo hata kama inahitaji dakika nzima kuwa tayari.

## Hatua ya tatu: rekebisha kulingana na kinachokosekana

Usihariri faili lililo ndani ya `/usr/lib/systemd/system` au `/lib/systemd/system`; sasisho linalofuata litalifuta. Tumia:

```
sudo systemctl edit duka
```

Amri hiyo inatengeneza kiraka kwenye `/etc/systemd/system/duka.service.d/override.conf` na kupakia upya mipangilio ukishahifadhi. Ukihariri mwenyewe kwa njia nyingine, lazima uendeshe `sudo systemctl daemon-reload`. Jambo moja la kukumbuka: kiraka kinaweza kuongeza `After=` na `Requires=`, lakini hakiwezi kuziondoa zilizomo kwenye faili la asili, hata ukiandika `After=` tupu. Kuondoa kunahitaji nakala nzima, kwa `systemctl edit --full duka`.

### Hifadhidata

Kwenye Debian na Ubuntu kuna mtego ambao unastahili maelezo. Andika `systemctl status postgresql` utaona `active (exited)`. Huyo si PostgreSQL. `postgresql.service` ni ganda tu linaloendesha `/bin/true` na kufaulu kila mara. Hifadhidata yenyewe iko kwenye `postgresql@15-main.service`, namba ikibadilika kulingana na toleo. Ndiyo maana `Requires=postgresql.service` haikukingi na chochote: hifadhidata ikianguka, ganda linabaki kijani. Itegemee ile yenyewe, na kwa kuangalia hali yake tumia `pg_lsclusters`.

Hata hivyo hilo pekee halitoshi kwa seva iliyozimika ghafla. PostgreSQL ikikatiwa umeme katikati ya kazi, inapowaka inapitia kwanza kumbukumbu zake za WAL (daftari la mabadiliko yanayoandikwa kabla ya kuingia kwenye data) ili irudishe data katika hali sahihi, na wakati huo kila anayegonga mlango anajibiwa `the database system is starting up`. Muda wake hutegemea kazi iliyokuwa haijaandikwa kikamilifu. Kwa hiyo ulizia utayari moja kwa moja:

```
[Unit]
Wants=postgresql@15-main.service
After=postgresql@15-main.service

[Service]
ExecStartPre=/bin/sh -c 'until pg_isready -q; do sleep 1; done'
TimeoutStartSec=300
```

Hapo `sleep` ina haki ya kuwepo, kwa kuwa inarudia kuuliza mpaka jibu lipatikane. Bila `TimeoutStartSec`, systemd ingeikata baada ya sekunde 90, kwani muda wa `ExecStartPre` unahesabiwa ndani ya muda wa kuwaka.

Nimetumia `Wants=` badala ya `Requires=` kwa makusudi. Ukiweka `Requires=` na `After=`, kisha hifadhidata ikashindwa mara moja, `duka` inafutiwa safari yake kwa `Dependency failed`, na `Restart=` haitaiokoa, kwa sababu kwa hesabu ya systemd haikuwahi kuanza. `Wants=` inaipa nafasi ya kujaribu tena.

### Diski

Hili ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu huduma inaweza isianguke. Kama `/srv/data` haijapachikwa, saraka tupu ya jina hilo bado ipo kwenye diski ya mfumo, na programu itaandika humo bila kulalamika. Diski ya kweli ikija kupachikwa juu yake, faili zile zinafunikwa. Mwenye duka atasema picha za asubuhi zimepotea, na kweli hazionekani, ingawa ziko chini ya kifuniko.

Dawa ni mstari mmoja:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/data
```

Huo unaleta utegemezi na mfuatano kwa pamoja, kwa kila diski iliyo kwenye njia hiyo. Hapa utegemezi mkali unafaa: bora huduma isiwake kuliko iandike mahali pasipo pake. Kama kinga ya pili, simamisha huduma, ondoa diski kwa `umount /srv/data`, kisha endesha `sudo chattr +i /srv/data` kwenye saraka tupu iliyobaki. Tangu hapo hakuna anayeweza kuunda faili humo mpaka diski ipachikwe.

Angalia pia `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kupachikwa kompyuta ikiwaka. Neno `nofail` linazuia kompyuta isikwame kwenye hali ya dharura diski ikikosekana, na kwa diski ya nje ni zuri, lakini lina upande wa pili: diski yenye `nofail` haisubiriwi na `local-fs.target`, kituo kinachoashiria kwamba diski za ndani zimepachikwa. Huduma zote zilizozoea kwamba diski zinatangulia zitaanza bila kuingoja. Ukiweka `nofail`, weka na `RequiresMountsFor=` kwa kila huduma inayoigusa.

### Mtandao

`network.target` haimaanishi mtandao upo. Inamaanisha programu ya kusimamia mtandao imeanzishwa, basi. Kazi yake kubwa iko wakati wa kuzima, ili huduma zisimame kabla mtandao haujaondolewa. Anayehitaji anwani anaandika mistari hii miwili, yote miwili:

```
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target
```

Bila `Wants=`, huenda hakuna aliyeiita `network-online.target`, na `After=` inabaki kusubiri hewa. Kisha hakikisha kuna anayefanya kazi ya kusubiri. Kama mtandao unasimamiwa na NetworkManager, ni `NetworkManager-wait-online.service`, kama ni systemd-networkd, ni `systemd-networkd-wait-online.service`. Angalia kwa `systemctl is-enabled`. Ya networkd inasubiri mpaka sekunde 120, na kwenye seva yenye tundu mbili za kebo ambapo moja haitumiki, inaweza kuzimaliza zote kwa kungojea tundu tupu. Kwenye faili la `.network` la tundu hilo, chini ya `[Link]`, andika `RequiredForOnline=no`.

Sasa rudi kwenye ruta inayochelewa. Msubiriaji akiishiwa muda bila kupata anwani, `network-online.target` inapita hivyohivyo na huduma yako inaanza bila mtandao. Kwa hiyo mfuatano peke yake hautoshi. Huduma lazima iweze kujaribu tena:

```
[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=5
```

Usiiache `RestartSec` nje. Isipotajwa ni milisekunde 100, na systemd inaruhusu majaribio 5 ndani ya sekunde 10. Huduma inayoanguka haraka itayamaliza yote matano ndani ya sekunde chache, itaandikiwa `Start request repeated too quickly`, na haitajaribiwa tena hata ruta ikiamka. Kwa pengo la sekunde 5 kikomo hicho hakifikiwi.

Kama kosa ni la `bind`, jiulize pia kama huduma inahitaji kweli kushikilia 192.168.1.10. Ikisikiliza kwenye `0.0.0.0`, huku ngome ya mtandao ikizuia wasiotakiwa, haijali anwani imefika lini. Ikibidi anwani ile ile, weka `net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1` kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, na keneli itaikubalia kabla anwani haijapatikana.

Na kama hifadhidata iko kwenye kompyuta nyingine, `After=` haina msaada wowote, maana systemd inaona yaliyo ndani ya kompyuta yake tu. Hapo tegemea `Restart=`, au programu iwe na subira yenyewe.

### Saa

Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa yenye betri, na kompyuta nyingi za zamani betri yake imekufa. Zikiwaka, zinaanza na tarehe ya nyuma, na kila muunganisho wa HTTPS unakataa cheti. Kama unatumia systemd-timesyncd:

```
sudo systemctl enable systemd-time-wait-sync.service
```

kisha kwenye huduma ongeza `Wants=time-sync.target` na `After=time-sync.target`. Pima kwanza, kwani msubiriaji huyu hana kikomo: intaneti ikikosekana siku nzima, huduma itangoja siku nzima. Kwa inayotuma ripoti kwenye wingu hilo linafaa. Kwa mashine ya mauzo ya dukani halifai.

## Hatua ya nne: mduara

Wakati mwingine huduma haianguki; haipo tu, kana kwamba hakuna aliyeiita. Tafuta hivi:

```
journalctl -b | grep -i 'ordering cycle'
```

Mduara ni pale A inamsubiri B, B inamsubiri C, na C inamsubiri A. systemd haiwezi kuutekeleza, kwa hiyo inamtupa mmoja wao nje na kuendelea. Anayetupwa anaweza kuwa yule usiyemtarajia, hata kupachikwa kwa diski.

Mfano unaojirudia: umeandika `andaa-diski.service` ya kufungua diski ya data, na kwenye fstab ukaweka `x-systemd.requires=andaa-diski.service`. Diski ya fstab inatakiwa kutangulia `local-fs.target`, hiyo inatangulia `sysinit.target` (kituo cha maandalizi ya awali ya mfumo), na kila huduma ya kawaida, ikiwemo yako, inaisubiri `sysinit.target` hata kama hukuandika. Mduara umefungwa.

Njia nyepesi ni kuongeza `nofail` kwenye mstari wa fstab, ili diski isilazimike kutangulia `local-fs.target`. Njia ya pili ni kuitoa huduma yako kwenye utegemezi wa kawaida:

```
[Unit]
DefaultDependencies=no
Conflicts=shutdown.target
Before=shutdown.target
```

Mistari miwili ya mwisho inarudisha desturi ya kusimama kompyuta inapozimwa. Huduma ya aina hii huanza mapema mno, kabla ya `/var` pengine kuwepo, kwa hiyo iwe ndogo na isitegemee kitu kingine.

## Hatua ya tano: jaribu kwa hali halisi

Kagua faili kwanza:

```
sudo systemd-analyze verify /etc/systemd/system/duka.service
```

Kisha `sudo reboot`, na ikishawaka:

```
systemctl is-system-running --wait
systemctl status duka
```

Ya kwanza inangoja mpaka kuwaka kumalizike, kisha inajibu `running` ikiwa yote ni salama au `degraded` ikiwa kuna iliyoanguka.

Lakini `reboot` haiigi kukatika kwa umeme, kwa kuwa ruta na swichi zinabaki hewani. Fanya jaribio la pili: zima seva kwa `poweroff`, chomoa ruta na swichi, kisha chomeka vyote kwa pamoja. Halafu la tatu: washa seva huku ruta ikiwa imezimwa kabisa, subiri dakika tano, ndipo uwashe ruta. Ukiona `duka` inapatikana kutoka kwenye simu au kompyuta nyingine bila wewe kugusa seva, ondoa `sleep` zote zilizobaki kwenye skripti za zamani, na urudie majaribio yote matatu.